Kidole cha Espe Kwenye Mstari Mwingine

Mapendo,

Wewe ni mwoga. Usiniambie ni imani. Imani naijua, nimeibeba kichwani pamoja na masufuria kutoka Kivu mpaka kambini Tanzania, na kutoka kambini mpaka kwenye theluji hii ya Minnesota. Mwenye imani hakimbii karatasi. Wewe na mume wako Wilondja mnakimbia karatasi moja tu, ile ya mtihani wa mwanenu Espe, na juu ya mizigo yenu mmeandika jina la Mungu ili mtu asiulize ndani mna nini.

Kasirika kwanza. Ukimaliza kukasirika, soma, maana kusoma unajua.

Naandika Ijumaa mchana, mezani kwangu. Kutoka hapa naliona lile lori mlilokodi, na mume wako anapakia kitanda cha watoto. Kesho asubuhi mtaondoka Fridley mwende Virginia. Ningeweza kuvuka uwanja wa magari nije nikuambie kwa mdomo, si hata hatua mia moja. Lakini kwa mdomo tumeshindwana. Nikianza tu, wewe unasema, "Mama, tumeshaliombea," mimi napandisha sauti, watoto wanaingia chumbani na kufunga mlango. Karatasi haipandishi sauti. Niliacha masomo darasa la tatu, kuandika nimejifunza ukubwani, na mwandiko wangu unayumba, utavumilia. Wewe ulizoea kusoma mwandiko wa kila mtu.

Habari za njiani sitakuambia. Majani ya sombe ya kugandisha, dawa ya kifua ya Rehema, mdogo wake Espe, nani aendeshe na nani alale, hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kukueleza kosa langu. Na kuna siri nimekaa nayo tangu majira ya baridi. Nitaifikia, ila sina haraka ya kuifikia.

Unamkumbuka Mwalimu Sadoki?

Ulikuwa darasa la tano. Kundi letu la maombi lilikuwa la wanawake saba, tulikuwa tunafunga na kuomba kila siku saa sita. Katika hao saba hakuna hata mmoja aliyeweza kusoma Biblia ikaeleweka. Aliyekuwa anatusomea ni mama mchungaji, na yeye jina lake likatokea kwenye orodha ya wanaohamishwa, akapelekwa Australia. Tukabaki na Biblia tatu bila kinywa. Mimi nilijua silabi, ba be bi, lakini mpaka nimalize mstari mmoja wenzangu walikuwa wameshasinzia. Ndipo mmoja wao akasema, "Nyota, sisi tunahangaika na nini, na mtoto wako anasoma kama redio?"

Kama redio. Nilivimba, mwanangu. Mimi, ambaye hata jina langu nililiandika kwa kutoa ulimi nje, nimezaa redio.

Nikakutoa shuleni. Sikusema nakutoa, nilisema umeitwa. Saa sita ulitusomea sisi, asubuhi ulipelekwa kwa wagonjwa, jioni kwa wafiwa. Mwalimu Sadoki akaja na viatu vyake vya vumbi. "Mama Mapendo, mtoto hatujamwona wiki mbili." Nikamwambia yuko kazini kwa Bwana. Akasema, "Sawa, mama, lakini huyo Bwana sidhani kama anakataa darasa la sita." Alitaka kunichekesha, maskini. Nikasimama mlangoni mikono kiunoni, nikamwambia, "Mtoto ni wangu. Mungu alinipa mimi, hakukupa wewe."

Maneno hayo unayajua. Uliniambia hayo hayo mwezi uliopita, jikoni kwako, ukiwa umeshika mwiko. Nilinyamaza ukadhani umenishinda. Nilinyamaza kwa sababu nilisikia sauti yangu.

Akaja tena mara ya pili, ameshika daftari lako la hesabu. Sikulipokea. Aliliweka juu ya beseni la nguo na kwenda zake, na hakurudi. Watu wakaanza kuniita Mama wa Msomaji. Nilikuwa natembea kambini kama mke wa chifu.

Na wewe ulikuwa unavaa ile sketi ya bluu ya shule chini ya kitenge. Ulidhani sioni. Kila siku kwenye maombi, ukiinuka kusoma, bluu inachungulia. Uliivaa mpaka mshono ukapasuka, ukaushona, ukapasuka tena. Sikukuuliza. Nilijua nikiuliza utajibu.

Hilo ndilo kosa langu, na sijawahi kulisema mbele yako. Kanisani tunasimama kushuhudia Mungu alivyotuokoa na risasi na njaa. Hakuna anayesimama kushuhudia alichomfanyia mtoto wake kwa jina la huyo huyo Mungu. Ningesimama mimi, lakini nina kiburi, unanijua.

Halafu tukaja hapa, na kosa likazaa.

Espe alikuwa na miaka saba tulipoitwa shuleni kwake. Mimi nilikuwepo, nilivaa kitenge changu kizuri. Mwalimu yule Mzungu alikuwa na uso mpole, ameweka karatasi mezani, na mkalimani alikuwa kwenye simu, mtu wa Mombasa sijui, anaongea haraka kama anafukuzwa. Akasema wanaomba ruhusa wampime mtoto, huenda ana ulemavu wa kujifunza. Nikakutazama, ukanitazama. Nikasema, "Mtoto anayepanda ngazi za jengo zima bila kuhema ana ulemavu gani?" Wewe ulikuwa unatikisa kichwa kukubali kila kitu, kama unavyofanya wakikuletea karatasi za Kiingereza kule kiwandani, na mkono wako chini ya meza umeshika kitenge changu. Nilijua unaogopa nini. Sote tunaogopa hilo: wakishaandika kitu juu ya mtoto wako, kesho watakuja kumchukua.

Tukatoka. Kwenye gari ulisema, "Wanasema mtoto wangu ni mwendawazimu." Na nani alikujibu? Mimi. Nilisema, "Mtoe. Mtoe na mdogo wake. Mungu ndiye mwalimu." Wilondja alikuwa bado anasitasita, kumbuka. Mimi ndiye niliyesema amina kabla sala haijaisha. Na nikwambie jambo la aibu zaidi: nilifurahi. Nilijua wakibaki nyumbani watakuja kwangu wewe ukiwa kazini, watasema Kiswahili na mimi, hawatanijibu tena kwa Kiingereza kama wapangaji.

Siwezi kusema umeharibu kila kitu. Sitasema uongo hata kwa hasira. Wasichana wako wanasalimia wakubwa kwa adabu, wanajua kusonga ugali, wanaimba sauti mbili bila kupotea. Rehema anasoma chochote, hata maandishi ya kwenye chupa za sabuni. Unatoka zamu saa sita usiku na asubuhi unakaa nao mezani na vitabu, macho mekundu. Mwanamke mvivu hafanyi hivyo. Ungekuwa mvivu barua hii ingekuwa fupi.

Lakini Espe hasomi.

Ndiyo hiyo siri. Soma tena kama hujaelewa. Espe, mwenye miaka kumi, hasomi. Si kwamba anasoma polepole, wala si kwamba Kiingereza kinamshinda. Hasomi Kiingereza, hasomi Kiswahili, hasomi jina la mtaa tunaokaa.

Niligundua siku ile ya theluji kubwa, mlipochelewa kurudi kwa sababu barabara ilifungwa. Nilimwambia anisomee zaburi wakati nachambua maharage. Akaanza vizuri, sauti yake ile nzuri, kidole kinatembea. Nikageuka kuchukua chumvi na macho yangu yakaangukia kidole. Kidole kilikuwa kwenye mstari mwingine kabisa. Maneno yapo huku, kidole kiko kule, na kinatembea kwa raha zake.

Mtu mwingine asingeona. Wewe usingeona, kwa sababu tangu utoto wako maneno yanakutii. Mimi niliona kwa sababu mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka mingapi? Kitabu cha nyimbo nimekifungua, kidole kinatembea, mdomo unaimba nilichokariri kwa jirani. Hata kufungua ukurasa nilikuwa namwangalia wa pembeni yangu, akifungua katikati na mimi nafungua katikati. Mwizi humjua mwizi.

Nikamfungulia kwingine. "Soma hapa." Akauvuta ukurasa karibu. "Soma, Espe." Akaniangalia, akasema, "Bibi, tafadhali." Kwa Kiswahili. Mtoto huyo kila kitu ananijibu kwa Kiingereza, siku hiyo aliomba kwa Kiswahili.

"Nani anakukaririsha?"

"Rehema."

"Wapi?"

"Bafuni. Asubuhi, Mama akiwa amelala. Ananisomea tunachosoma siku hiyo."

"Na wewe unakishika chote?"

"Mara mbili tu, Bibi. Akinisomea mara mbili nakishika."

Mara mbili. Mtoto mwenye kichwa cha namna hiyo tumemwita nini? Nikamuuliza kwa nini hamwambii mama yake. Akasema, "Atalia." Akaniambia nisiseme. Nikasema sitasema.

Na sikusema. Huo ni mwezi wa pili, leo tuko mwezi wa nane. Nilijidanganya kwamba nitamfundisha mwenyewe kwa siri, wewe utaamka siku moja ukute anasoma, na hakuna atakayejua. Nilitaka sifa tena, unaona? Kila alasiri, wewe ukishaondoka kwenda kiwandani, tulikaa na daftari. Ba be bi bo bu. Leo anajua, kesho hajui. "Ba" inageuka "da" mbele ya macho yake, ananiapia kwamba imegeuka. Nilifikiri ananichezea. Nilimfinya, Mapendo. Nilimwita kichwa cha jiwe. Alikuwa ananiomba msamaha kwa Kiingereza chao, sori, sori Bibi, na kushika kalamu tena, na mkono unatoka jasho. Siku moja alikojoa kwenye kiti. Mtoto wa miaka kumi. Nilifuta kiti, nikafuta na yeye, nikafunga daftari. Silabi zangu zilikuwa zimeishia hapo. Mimi sijui mtoto huyu ana nini. Sijui ni macho, sijui ni kichwa, sijui ni kitu gani. Na wewe hujui. Na mchungaji wenu mpya huko Virginia hajui, hata akimwekea mikono kutwa nzima.

Halafu mtihani ukaja. Sheria ya hapa ya kufundishia watoto nyumbani unaijua, wewe ndiye unayeandika ile barua kwa mkubwa wa shule kila mwaka kabla ya mwezi wa kumi, na mtoto anapewa mtihani mara moja kwa mwaka. Matokeo yakarudi Espe yuko chini kabisa, na maelezo yakasema aliye chini kiasi hicho lazima atazamwe na mtu anayejua kama ana shida ya kujifunza. Karatasi ile ile tuliyoikimbia akiwa na miaka saba imetufuata mpaka nyumbani. Ukasema ni mtihani wa dunia. Ukasema Espe anasoma zaburi kama malaika. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo na kikombe cha chai, nikanywa.

Ndipo Wilondja akaja na habari ya Virginia. Alinieleza kwa heshima, mkwe wangu ana heshima. Alisema, "Mama, kule sheria inaheshimu imani. Unawaandikia wakubwa wa shule kwamba imani yako haikuruhusu kupeleka watoto shule. Wakikubali, mtoto anatolewa kwenye sheria ya shule moja kwa moja. Hakuna mtihani, hakuna barua ya kila mwaka. Na ndugu wa kanisani wako pale, kazi ipo."

"Na nani atajua kama mtoto anajifunza?"

"Sisi, Mama. Wazazi."

"Mtajuaje?"

Akacheka kidogo, akasema, "Mama, si Espe anatusomea kila jioni?"

Na hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo ulifunguka nikauliza kama huko kuna baridi.

Sisemi haki ya mzazi ni kitu kibaya. Nimeishi mahali ambapo wenye bunduki waliingia nyumbani na kuondoka na watoto wa watu, na hakuna aliyeulizwa. Haki hiyo ningeililia kule. Ndiyo maana sitapiga simu kwa watu wa serikali, ingawa jirani mmoja alinishauri. Nimeona serikali ikija nyumbani kwa watu, sitaiita mimi kwa mtoto wangu. Lakini nimejifunza jambo, nimechelewa kulijifunza. Kitu kinaweza kuwa haki yako kabisa na bado ukamharibia nacho mtoto. Mimi kambini nilikuwa na haki yote juu yako. Mwalimu Sadoki hakuwa na sheria wala askari, alikuwa na daftari tu. Natamani angekuwa na kitu cha kunishika mkono. Ningemlaani, ningelia, na wewe ungemaliza darasa la sita.

Nilijaribu kuwazuia. Hili nalo hulijui. Siku ile nilipokuambia naenda kwa daktari wa meno, nilipanda basi, kisha treni, nikaenda mtaa wa Cedar-Riverside, kwenye biro moja, ofisi inayosaidia watu wasio na avokati wa kuwatetea mahakamani. Kulikuwa na dada mmoja Mtanzania anayetafsiri, alikuja hapa kama mwanafunzi, sasa anafanya kazi hapo. Akanikaribisha vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka kuzuia safari."

"Ya nani?"

"Ya wajukuu wangu."

"Wanaishi kwako, mama?"

"Wanakula kwangu."

"Na kulala?"

"Wanalala kwa mama yao. Kwani kwenu watoto wanalala wapi?"

Akacheka, akaandika. Avokati akasema maneno mengi, naye akayapunguza akanipa. "Anasema wenye haki ni mama na baba. Bibi anaweza kusikilizwa kama amewalea yeye, au kama watoto wanapigwa, au wananyimwa chakula."

"Wanashiba kuliko mimi."

"Na wazazi wanawapenda?"

"Kupita kiasi."

"Basi, mama."

"Basi nini?"

"Basi mahakama haina kazi hapo."

Nimepita mipaka mitatu bila karatasi, nikapita. Hapa nimekwama mbele ya dada mwenye tabasamu. Nilikaa kwenye kile kiti kama gunia.

Alinisindikiza mpaka kwenye lifti. Akaniambia hili si la avokati, ni lake mwenyewe: mdogo wake wa kiume alikuwa hivyo hivyo, herufi zinamgeukia, wakamchapa mpaka akachukia kuona kunakucha. Si ujinga, mama, akasema, na si mapepo. Kuna walimu ambao kazi yao ni hiyo tu, wana njia yao ya kuwafundisha, na wakiwahi mtoto anasoma. Na akaniambia hata mtoto anayefundishwa nyumbani, mzazi anaweza kuandika kwenye shule ya serikali ya mahali anapokaa akaomba mtoto apimwe, huku na huko mnakoenda pia. Lakini aandike mzazi. Nikamuuliza, bibi je? Akashika mkono wangu, na lifti ikaja.

Kwa hiyo unaona. Mwenye mkono unaoweza kuandika barua hiyo ni wewe, na baba yake. Mimi naweza kukuandikia wewe tu.

Nilitaka kunyamaza mpaka mwisho. Ningewapa mikono kesho na kuwaombea safari njema. Kilichonivunja ni Jumapili. Mliitwa mbele kuagwa, na mchungaji akasema Espe atusomee neno la kuondoka. Alitembea mpaka mbele na gauni lake la manjano, akafungua Biblia, akasoma bila kukwama mahali hata pamoja. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu amerithi kwa bibi yake." Wewe ulikuwa unalia kwa furaha. Na mimi nilikuwa namtazama Rehema, kwenye safu ya pili, mikono imekazana chini ya kidevu, midomo inatembea pamoja na dada yake neno kwa neno, hapumui. Mtoto wa miaka minane anabeba dada yake mbele ya watu mia. Espe alipomaliza, hakuangalia watu, hakukuangalia wewe. Aliangalia kama Rehema anapumua.

Na mimi nilipiga makofi. Nilisimama kabisa.

Mapendo, najua utasema nini. Utasema ningekuambia mwezi wa pili. Ndiyo. Utasema ni mimi niliyesema mtoe. Ndiyo. Utasema nakuonea wivu kwa kuwa mnaniacha peke yangu na jengo hili la wazee. Hata hilo ndiyo, kidogo. Weka yote kichwani mwangu, kichwa changu kimezoea mizigo. Lakini ukishayaweka, mtoto bado hasomi, na huko mnakoenda mmechagua mahali ambapo hakuna mtu atakayekuuliza. Atakuwa na miaka kumi na tano anamtegemea Rehema amsomee ujumbe wa simu. Ataolewa, na mumewe atamsomea karatasi anavyotaka yeye. Mimi najua maisha hayo. Baba yako alinisomea barua za mama yangu miaka sita, na nilikuja kujua baadaye kwamba mistari mingine alikuwa anairuka.

Unataka kuwafundisha nyumbani, wafundishe. Unataka kumwabudu Mungu huko Virginia, nenda, yuko huko kama alivyo hapa. Lakini ile barua ya kusema imani yako inakataa shule, usiitie saini kabla hujaandika nyingine, ya kuomba Espe apimwe. Wilondja akikataa mwambie mimi nimesema, na akitaka kugombana anipigie. Sina jinsi ya kukulazimisha. Nitakuwa hapa, nitakupigia simu Jumapili nikuulize, na wewe unaweza kuniambia ndiyo na isiwe kweli, nami sitajua. Nalijua hilo nikiandika.

Kwa hiyo naacha ya huko mikononi mwako, nakuagiza la leo.

Nitavuka sasa hivi nikupe karatasi hii mkononi. Nitamchukua Rehema nije naye kwangu, nitasema nataka anisaidie kukunja nguo. Yeye pia amechoka, apumzike. Mume wako aendelee na mizigo. Wewe maliza kusoma, nenda ukanawe uso, lia huko huko ukitaka kulia, umalize. Kisha mwite Espe, mfunge mlango, mkae chini. Usimpe kitabu. Usimjaribu. Usimuulize kwa nini. Mwambie Bibi amevunja ahadi, anikasirikie mimi. Mwambie unajua, na kwamba hukasiriki, na hata kama unakasirika sema hukasiriki. Mwambie kuna watu wanaojua kumfundisha na utawatafuta. Usimwingize kwenye safari ya siku mbili akiwa bado anakariri. Mwambie leo, jua likiwa bado lipo.

Nenda ukamwite.